Chennai kwa Anayesindikiza Mgonjwa

Tangu nistaafu, watu wanaonipigia simu kuuliza habari za Chennai ni wengi kuliko wanaouliza hali yangu. Mmoja anataka kujua sari nzuri zinauzwa mtaa gani, mwingine anampeleka mke wake kutembea, mwingine kaambiwa dhahabu ya kule haichanganywi. Nawajibu wote. Mama yangu alinifundisha kwamba mtu akikuuliza njia unamwonyesha, hata kama hupendi anakokwenda. Lakini haya nayaandika kwa ajili yenu wauguzi mliobaki wodini, ambao siku moja mtaambiwa mfunge mzigo mmpeleke mgonjwa India. Mimi sikwenda kule kutembea. Nilikwenda miaka mingi nikisindikiza wagonjwa wa rufaa, na mitaa ya karibu na hospitali zile naijua kama ninavyoujua mtaa wangu wa Malangali hapa Sumbawanga. Mandhari ya mji sikuwahi kuyatazama, kwa hiyo kwa hayo msiniulize.

Nilichaguliwa kwa sababu ndogo tu. Katika wodi nzima mimi peke yangu nilikuwa na pasi ya kusafiria, niliyoitafuta ili niende kumwona dada yangu aliyeolewa Mbala, ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Mganga wetu aliposikia hivyo alisema, "Basi Sista Verediana, wewe ndiye." Hakuuliza kama nimewahi kupanda ndege. Kwa kweli nilikuwa sijawahi hata kuigusa.

Niliondoka Sumbawanga mwezi wa Julai, upepo wa Ufipa ukikata masikio, nimevaa sweta mbili. Dar es Salaam nilikabidhiwa kwa muuguzi mkongwe, Bi Zuhura, mwenyeji wa Kasanga kule ziwani, ambaye alikuwa ameshakwenda India mara nyingi. Alifungua begi langu bila kuniomba ruhusa, akatoa sweta, akatoa viatu vya kamba, akatoa dumu la asali niliyokuwa nawapelekea watu nisiowajua. Mahali pa vile vitu akaweka kipimo cha presha, chupa ya chai, kanga mbili kuukuu, viatu vya kuvua upesi na pakiti za chumvi na sukari kwa ajili ya kuhara. Akaniambia nikiwa ugenini nichunge vitu vitatu: pasi yangu, maji yangu na mdomo wangu. Niliona ananidharau. Nilipofika ndipo nilipojua kwamba ananipa kazi yote kwa sentensi moja.

Mlango wa uwanja wa ndege ulipofunguka, joto lilinipiga usoni kama mtu aliyefunua sufuria la mahindi. Madereva walikuja mbio, kila mmoja ameshika mpini wa mzigo wetu. Bi Zuhura alikisukuma kiti cha mgonjwa mpaka ukutani, akasimama mbele yake, akawaambia kwa Kitamili kwamba hataki, "vendaam", bila kupandisha sauti. Kisha tulirudi ndani kwenye kibanda ambako unalipia teksi kabla ya kupanda. Fanyeni hivyo hivyo. Mtu mwema sana anayewapokea nje na kuchukua begi lenu kwa upole, mwogopeni kuliko mkali.

Mengine aliyonifundisha nayaandika kama yanavyonijia. Omba kadi ya nyumba ya wageni yenye anwani kwa maandishi ya Kitamili, uivae shingoni na umvike mgonjwa yake, kwa maana dereva wa bajaji anaweza kuwa hodari kwa kila kitu isipokuwa herufi zetu. Bajaji ni zilezile mnazopanda hapa, kule ndiko zilikozaliwa, lakini patana kabla hujakaa, na akianza kukuonyesha duka la binamu yake, sema unakwenda hospitali tu. Maji ni ya chupa ambayo lakiri yake umeikata mwenyewe. Barafu acha. Kuvuka barabara usijifanye jasiri. Tafuta mama mwenye watoto, uvuke naye bega kwa bega. Mlangoni mwa hekalu, mwa nyumba ya mtu na mwa maduka mengine, ukiona viatu vimepangwa, vua. Kula kwa mkono wa kulia, jambo ambalo hatuhitaji kufundishwa. Wala usiwasalimie kwa Kihindi ulichokiokota kwenye sinema, pale watu ni Watamili na wana lugha yao. "Vanakkam" inatosha. Mwanamke mkubwa kidogo mwite "akka", dada, utaona uso wake ukifunguka.

Na kichwa. Wale watu wakikubali hukitikisa kichwa upande huu na upande huu, kama mtu anayesitasita. Mgonjwa wangu wa kwanza alimwuliza muuguzi wa kule kwa ishara kama atapona, muuguzi akatikisa kichwa, na yule baba akageukia ukutani akalia mpaka nilipokuja kumweleza.

Kuna jambo ambalo Bi Zuhura hakuniambia, nadhani kwa huruma. Mtatazamwa. Watu watawapiga picha bila kuomba, watawaita kwa jina la nchi msiyotoka, na nyumba ya wageni iliyosema kwenye simu ina nafasi itajaa ghafla mtakaposimama mlangoni. Nimezungushwa hivyo na mgonjwa aliyevimba miguu, juani, kutoka mlango hadi mlango. Baadaye mama mmoja mjane alitupa chumba chenye jiko la gesi, na miaka yote niliyokwenda sikulala kwingine. Nasema yote mawili kwa sababu yote mawili yalinipata.

Sasa niwaeleze habari za Oresta, maana bila hizo haya yote ni maelezo ya mtalii.

Oresta alikuwa binti wa kijiji cha Mwimbi, ameolewa na kijana mkulima anayeitwa Kastori. Moyo wake uliharibiwa na homa za koo za utotoni ambazo hazikutibiwa. Vali, ile milango midogo inayofunga na kufungua damu ndani ya moyo, zilikuwa zimekakamaa. Nyumbani walimwona mvivu kwa sababu hakuweza kupanda mlima kwenda kwenye shamba la ulezi. Alipoletwa kwetu Sumbawanga alikuwa halali ila ameketi. Zamani zile upasuaji wa namna yake haukuwa ukifanyika nchini kama siku hizi, kwa hiyo rufaa yake ilikuwa ya India. Wakubwa walichukua muda mrefu kuikubali. Ilipofika, uso wake ulikuwa umebaki macho.

Ndugu wa kumsindikiza alikuwa mama mkwe wake, Mama Fortunata. Mume alibaki shambani. Niliposikia anakuja mama mkwe niliguna, lakini nilimkosea. Kwenye ndege alimshika Oresta mkono kutoka Dar mpaka Chennai bila kuuachia. Pale chumbani kwa mjane alilala sakafuni, kitanda akamwachia mkwewe. Alimwosha kila asubuhi kwa kanga yenye maji, akimwimbia nyimbo za kanisani kwa Kifipa, taratibu, kama anamwosha mtoto mchanga.

Tatizo lilikuwa chakula. Oresta hakuweza kumeza vile vitu vya uchachu na pilipili, na daktari alitaka apate nguvu kabla ya kupasuliwa. Siku moja nilikuwa natoka kutafuta laini ya simu nikapita kichochoro fulani, nikasikia harufu iliyonisimamisha. Mwanamke alikuwa amekaa na chungu kikubwa, anauza uji wa rangi ya udongo, watu wanaunywa wima. Nilikunywa kikombe kimoja. Ulikuwa ulezi. Ulezi wetu kabisa, kule wanauita "ragi", nami nilikuwa nimesafiri miaka nikila wali kwa huzuni bila kujua. Nilinunua unga dukani nikarudi nao. Mama Fortunata aliusugua kati ya vidole, akanusa, akasema wa Mwimbi unasagwa vizuri zaidi. Kisha alisonga ugali kwenye jiko la gesi na Oresta akala mpaka akaomba tena. Kwa hiyo andikeni hili: mgonjwa wa Ufipa akikataa chakula Chennai, ombeni ragi.

Daktari mpasuaji alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kuuliza mambo mengi. Alituita sote watatu ofisini, mimi nikawa mkalimani. Alisema kuna vali za namna mbili. Moja imetengenezwa kwa kitu kigumu kama chuma, inadumu maisha yote, lakini mwenye nayo hunywa vidonge vya kuzuia damu kuganda mpaka kufa, na damu yake ipimwe kila mwezi, maana kidonge kikizidi atavuja damu na kikipungua damu itaganda kwenye vali. Na akishika mimba, vidonge vile vinaweza kumdhuru mtoto, na akiviacha anaweza kufa yeye. Ya pili imetengenezwa kwa nyama ya mnyama. Hiyo haihitaji vidonge vya daima wala kupimwa kila mwezi, na mwanamke anaweza kuzaa nayo. Ila huchakaa baada ya miaka, na lazima arudi abadilishiwe. Halafu akaniuliza mimi swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu wa kwetu.

"Huko kijijini kwake," alisema, "damu hii itapimwa na nani?"

Nilimwambia ukweli, kwamba Mwimbi hakuna, wala karibu yake, labda Mbeya. Alitikisa kichwa, na safari hii hata mimi sikujua ana maana gani.

Oresta alikuwa amesikiliza yote. Aliuliza, "Sista, ni ipi inayoruhusu mtoto?"

"Ya nyama."

"Basi hiyo."

Niliona mabega ya Mama Fortunata yakishuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Daktari aliandika hivyo. Tulirudi chumbani tumefurahi, tukapika ugali.

Kesho yake nilipigiwa simu kutoka nyumbani na mkubwa mmoja aliyekuwa akishughulika na rufaa zetu. Simtaji jina na sitamtaja. Alikuwa ameletewa taarifa ya daktari. Aliniambia kwa sauti ya mtu mwenye haraka kwamba vali ya nyama maana yake ni safari ya pili, na safari ya pili haitakuwapo.

"Awekewe hiyo ya kudumu, arudi nyumbani," alisema.

Nilimweleza habari za kupimwa damu. Nilimweleza umbali wa kutoka Mwimbi mpaka Mbeya, habari za barabara wakati wa masika, na kwamba binti ana umri wa kuzaa na anataka kuzaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, lazima niseme hivyo. Kisha akajibu kwamba vipimo vitapangwa. Nilimwuliza vitapangwa na nani. Akasema, "Verediana, wewe ni muuguzi, msindikize mgonjwa."

Daktari wa kule alikasirika, akasema hawezi kumlazimisha mgonjwa, aulizwe mwenyewe. Nilikwenda kumwuliza Oresta. Alikuwa ameketi juu ya mito kitandani, anasukwa nywele na mama mkwe wake. Nilimweleza kila kitu, pamoja na kwamba akikataa huenda asipasuliwe kabisa.

"Nikikataa nitarudi kama nilivyokuja," akasema. "Waambie waweke wanachotaka."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Baada ya siku chache alitembea kwenye korido bila kuhema, akacheka mwenyewe kwa mshangao. Jumapili kabla ya kuondoka tulimpeleka kanisani, lile linalosemekana limejengwa juu ya kaburi la Mtume Tomaso, akapanda ngazi zake polepole huku Mama Fortunata akimfuata nyuma na mikono imetangulia, tayari kumdaka. Hakudondoka. Palipokuwa kimya, ukikaa karibu naye, uliisikia ile vali ikigonga kifuani, tik, tik, kama saa ya mkononi. Mama Fortunata mwanzoni aliiogopa. Baadaye alisema inamsaidia kulala, kwa sababu akiisikia anajua mtoto yupo.

Mwimbi nilikwenda kumwona baada ya mavuno. Alinikuta barabarani na kichwani ana ndoo ya maji. Watoto wa jirani walikuwa wakipanga foleni kutega sikio kifuani kwake, na Kastori aliniambia kwa fahari kwamba siku hizi mke wake anamtangulia shambani. Huko Dar, nikisema natoka Sumbawanga watu huniuliza habari za uchawi na radi, nami huwa siwajibu. Ningependa wangeuona uchawi ule.

Vile vipimo havikupangwa. Mwanzoni Oresta alikwenda Mbeya kila mwezi, analala kwa watu, anarudi. Mvua zilipoanza alikosa mwezi mmoja, kisha mwingine. Vidonge tulimtafutia tukavipata, lakini kipimo cha vidonge bila kupima damu ni kubahatisha, na nilikuwa nikimwambia hivyo huku nikijua sina cha kumpa badala yake. Niliandika, nikapiga simu, nikasimama kwenye milango ya watu. Nilijibiwa kwa heshima kila mahali.

Kisha Mama Fortunata alikuja kwangu Malangali, ana kuku mkononi na unga wa ulezi kichwani. Nilimwamkia, akaitikia bila kuniangalia, akakaa. Alisema Oresta ana mimba. Alisema yule daktari wa India alitamka mwenyewe kwamba vidonge vinamdhuru mtoto, yeye alimsikia kwa masikio yake, kwa hiyo wameviacha. Hakuwa mjinga na hakuwa mkatili. Alikuwa ameshika nusu ya maneno, ile nusu aliyokuwa akiisubiri tangu mwanawe alipooa. Nilimwambia nusu ya pili palepale. Nilimwambia kuna sindano ambazo mjamzito wa namna ile huchomwa asubuhi na jioni badala ya vidonge, na kwamba amlete haraka. Alimleta. Sindano zile nilizitafuta Mbeya, nikazitafuta Dar kwa simu. Zilipatikana kidogo, zikaisha, zikapatikana tena, zikaisha. Hivyo ndivyo mimba yote ilivyokwenda.

Alijifungua salama, mtoto wa kike, mwenye sauti. Kwa muda tulidhani tumeshinda. Mtoto alikuwa bado hajaanza kushika shingo walipomrudisha mama yake kwetu, amevimba, anahema kama siku ile ya kwanza. Niliweka kifaa cha kusikilizia kifuani. Ule mlio wa saa haukuwapo, kulikuwa na sauti nzito, kama mlango unaosukumwa kwenye matope. Tulimpakia kwenye gari la wagonjwa kwenda Mbeya. Alifariki mchana, kabla hatujapita Laela, ameegemea bega la mama mkwe wake, na mimi nimeshika mpira wa oksijeni.

Kwenye kumwandaa, wanawake walitaka Mama Fortunata apumzike. Alikataa. Alichukua kanga na beseni akamwosha mwenyewe, polepole, bila kuimba. Alipomaliza akaniambia, "Kule nilimwosha hivihivi, Sista, akapona."

Tulitoka makaburini simu yangu ikaita. Alikuwa yule mkubwa wa rufaa. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za kazi. Akasema amepata likizo, anampeleka mama watoto Chennai kutembea wiki mbili, na wamemwambia hakuna anayeujua mji ule kama mimi. Nilikaa kwenye tuta la shamba la watu, nguo nyeusi zimejaa vumbi, nikamweleza. Nilimwambia alipie teksi ndani kabla ya kutoka nje. Nilimwambia habari za maji, za bajaji, za kuvua viatu, na mtaa wenye sari zisizochuja. Nilimwambia asiende mwezi wa Novemba, mvua hujaza mitaa, wala Mei, joto litamsumbua mama. Alinishukuru sana. Alikuwa anataka kukata simu.

"Oresta tumemzika leo," nikasema.

Yeye akauliza, kwa upole, maana si mtu mbaya, "Oresta yupi?"

Nilimwambia ni yupi. Alisema pole, akasema Mungu amweke mahali pema, akasema tutazungumza akirudi. Hatukuzungumza. Niliendelea na kazi mpaka umri wangu ukatimia, nikasindikiza wengine, wa figo na wa saratani, na baadhi yao wako hai na hunisalimia sokoni. Sherehe ya kuniaga ilikuwa na keki na hotuba kuhusu safari nyingi za nje nilizobahatika kupata. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Yule mtoto anasoma sasa, anaishi na bibi yake Mwimbi, na ana mbio. Kila akipata mafua na koo kuwasha, Mama Fortunata humpandisha gari siku hiyohiyo, mvua au jua, anamleta kwangu kwanza na hospitali baadaye. Wengine wanamcheka kwamba anadekeza. Ninyi mkimwona kwenye foleni, mpitisheni mbele. Na mkipewa mgonjwa wa kumpeleka ng'ambo, kabla hamjafungasha hata kanga, ulizeni akirudi atahudumiwa wapi na nani, na anayewajibu kwamba itapangwa, mwombeni aje asimame mbele ya mgonjwa amwambie yeye mwenyewe.